Mkono Unaoachia Mshale

Mshale wa kutoa damu ng'ombe hausafiri. Anayeupiga husimama hatua moja tu kutoka shingo ya mnyama, wenzake wameshika pembe na mkia, na ukanda wa ngozi umekazwa shingoni mpaka mshipa umevimba na kuonekana wazi. Upinde wenyewe ni mdogo. Chembe ya mshale ni fupi, ina makali ya mbele kama ya patasi, na nyuma yake kuna kizuizi cha mti au cha uzi uliozungushwa ili chuma kisizame. Mshale unapiga, unadondoka, damu inaruka ndani ya kibuyu. Ikitosha lita moja au mbili ukanda unalegezwa, tundu linazibwa kwa samadi, ng'ombe anarudi malishoni. Damu ile ikichanganywa na maziwa ilikuwa ya mama aliyetoka kujifungua, ya kijana aliyetoka jandoni, ya mgonjwa aliyeishiwa nguvu.

Babu yangu, wa rika la Terito, aliitwa maboma mengi ya hapa Olasiti, Arusha, kwa kazi hiyo, enzi ambazo upande huu wa barabara ya Dodoma ulikuwa mashamba ya mahindi na maharage, kabla ya nyumba za kupanga na maduka ya vifaa vya ujenzi. Wazee walimwita kwa sababu ng'ombe hakupigwa mara ya pili. Mkia wa mshale aliubana kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, akavuta upana wa kiganja, basi. Hakufungua vidole kwa ghafla. Aliviacha vilegee vyenyewe. Alitufundisha kwamba ukifungua vidole kwa nguvu unasukuma ugwe pembeni, mshale unaingia kwa upande, na mshipa unachanika badala ya kutobolewa.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeendesha magari ya watalii kutoka Arusha kwenda Karatu, Mang'ola na Serengeti, na kokote nilikokuta upinde nimeangalia mkono wa nyuma. Naamini historia ya upinde katika nchi yetu imeandikwa nusu. Tumeandika mti, ugwe, chembe, manyoya na sumu. Mkono unaoshika ugwe na kuuachia tumeusahau, na ndio unaoeleza upinde ule ulikuwa wa kazi gani.

Aliyelitambua jambo hili mapema ni Mmarekani Edward Morse, mtaalamu wa wanyama wa baharini aliyewahi kufundisha Tokyo. Mwaka 1885 alichapisha makala ndefu kuhusu namna watu wa zamani na wa wakati wake walivyoachia mshale. Alianza kulifuatilia alipoona rafiki yake Mjapani akivuta upinde kwa njia tofauti kabisa na aliyoizoea yeye. Akakusanya picha, sanamu za kale na maelezo ya wasafiri, akapata njia kuu tano. Ya kwanza ni kubana mshale kwa gumba na kidole cha shahada, kama alivyofanya babu. Ya pili ni kubana vilevile, ila vidole vinavyofuata vinausaidia ugwe. Ya tatu, vidole vinaushika ugwe wenyewe huku gumba likiutuliza mshale. Ya nne ni ya nchi za Bahari ya Mediterania na Uingereza: gumba halifanyi kazi, ugwe unavutwa kwa vidole viwili au vitatu, mshale ukikaa kati ya cha shahada na cha kati. Ya tano ni ya Wamongolia, Waturuki na Wajapani: gumba ndilo linalonasa ugwe, kidole cha shahada kikalifunga juu, na mara nyingi gumba huvalishwa pete ya mfupa, ya pembe au ya jiwe, au glavu ya ngozi. Morse alisikitika kwamba wasafiri walileta pinde kutoka kila pembe ya dunia bila kueleza wenyewe walizishikaje, akawaomba waanze kuandika.

Njia ya kwanza ina mpaka wake. Mtoto yeyote ukimpa upinde ataushika hivyo, wala hahitaji mwalimu. Lakini upinde ukiwa mgumu, mkia wa mshale huchomoka vidoleni kabla hujafika unapotaka. Kwa mshipa wa ng'ombe hiyo si hasara, maana kinachotakiwa ni nguvu ndogo na mkono mtulivu. Wala si hasara kwa ndege. Vijana wetu waliotoka jandoni, wenye nguo nyeusi na nyuso zilizochorwa chokaa nyeupe, walizunguka vichakani na pinde nyepesi na mishale butu ili ndege afe bila manyoya kuharibika, kisha ndege hao wakapamba taji la kichwani. Leo dereva anayepita njia ya Ngorongoro huwaona vijana hao wakisimama kupigwa picha. Mishale butu siku hizi ni michache.

Lakini ukimuuliza Mwarusha kuhusu silaha za mababu, atakutajia mkuki, ngao na sime. Waarusha waliohamia miteremko ya kusini magharibi ya Mlima Meru miaka ya 1830 walikuja na heshima ya moran, na heshima hiyo ilikuwa ya chuma kinachoshikwa mkononi ukimtazama adui usoni. Upinde uliachiwa mtoto, kazi ya zizini, na wale walioitwa Wandorobo, watu wasio na ng'ombe, wanaoishi kwa asali na nyama ya porini. Hii ilikuwa dharau, na nadhani ndiyo iliyotunyima maarifa mengi, kwa kuwa hakuna aliyejali kumuuliza mtu maskini anashikaje ugwe. Wasonjo wa upande wa Loliondo hawakuwa na dharau hiyo. Wao walilinda vijiji vyao na mifereji yao ya maji kwa upinde na mshale wa sumu, wakiwa wamezungukwa na Wamaasai wenye mikuki, na bado wako palepale.

Bila kuielewa sumu, mkono wa mwindaji wa kwetu hautaeleweka. Msunguti, ambao Wamaasai huuita olmorijoi, huota mpaka kwenye vilima vya huku kwetu. Mbao na mizizi yake huchemshwa kwa saa nyingi hadi ipatikane lami nyeusi, ikapakwa nyuma ya chembe na kuviringishwa kipande cha ngozi ili isikauke wala isimchome mwenyewe. Sumu ile hushika moyo. Mfaransa Arnaud aliitenga mwaka 1888, na kemikali hiyo ikaja kutumiwa na madaktari kama dawa ya moyo. Ya jamii nyingine ya mmea, iliyoitwa kombe, iligundulika kwa namna ya ajabu zaidi: John Kirk, aliyesafiri na Livingstone na baadaye akawa balozi wa Uingereza Zanzibar, aliona mapigo ya moyo wake yamepungua baada ya kusafisha meno kwa mswaki uliokuwa umegusana na sumu ya mishale.

Sumu inabadilisha kazi ya vidole. Mwenye sumu halazimiki kuupata moyo wa pofu kwa mshale. Mwilini popote penye damu panatosha, kisha ni subira na kufuata nyayo. Anachohitaji ni kunyemelea, kuvuta haraka na kuachia kabla mnyama hajageuka. Kosa dogo la vidole sumu inalifidia.

Hata hivyo kuna waliobeba sumu pamoja na upinde mgumu. Wata wa nyika ya Kenya, ambao Waingereza waliwaita Waliangulu, waliwinda tembo kwa pinde ambazo wanaume wengi wa leo hawawezi kuzikunja hata nusu. Walikuwa maarufu kiasi kwamba miaka ya 1956 na 1957 serikali ya kikoloni iliendesha operesheni kubwa dhidi yao katika Hifadhi ya Tsavo, David Sheldrick akiwa mmoja wa wasimamizi, na wawindaji hodari wakaishia gerezani. Mwaka 1960 ulianzishwa mradi wa Galana ili wapate riziki halali ya uwindaji. Nimesoma maelezo mengi ya pinde zao, urefu na uzito wake. Ya vidole ni machache mno.

Kwa Wahadzabe nimeona kwa macho yangu. Kijana wa Mang'ola anaanza na upinde akiwa mdogo, na kila anavyokua anabadilisha upinde hadi afikie ule wa mtu mzima, ambao mgeni mwenye misuli ya mazoezi huuvuta nusu na kuurudisha akitabasamu kwa aibu. Ugwe ni wa kano za mnyama. Chembe za chuma wengi hupata kwa Wadatoga, wahunzi wa jirani, au hufua wenyewe misumari kwa kuigonga bila moto. Upinde kama huo hauvutwi kwa kubana mkia wa mshale. Lazima vidole viingie kwenye ugwe wenyewe, na ngozi ya vidole vile imekuwa ngumu tangu utotoni. James Woodburn aliishi nao kuanzia mwaka 1958, wengine wakafuata, na Wahadzabe sasa ni miongoni mwa jamii zilizochunguzwa sana Afrika. Mwaka 2011 baadhi yao, katika bonde la Yaida, walipata hati za kimila za ardhi yao, na naliona hilo kuwa muhimu kuliko vitabu vyote, kwa sababu upinde bila pori ni pambo la ukutani.

Mwaka 1925 upinde wa namna nyingine kabisa uliingia Tanganyika. Daktari Saxton Pope na rafiki yake Arthur Young walikuja kutoka Marekani kuwinda simba kwa mishale, na mwaka uliofuata Pope akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo. Pope alijifunza upinde kwa Ishi, mtu wa mwisho wa kabila lake, aliyejitokeza California mwaka 1911 na kuishi San Francisco hadi kifo chake mwaka 1916. Ishi alivuta kwa gumba, kwa njia iliyofanana na ile ya Wamongolia. Mwanafunzi wake hakuifuata. Pope alirudi kwenye vidole vitatu vya Kiingereza, akavivalisha ngozi. Pope na Young walikuja bila sumu, na bila sumu mshale unaua kwa kukata tu, kwa hiyo ni lazima upite kwenye mapafu au moyo. Hapo mzigo wote unarudi kwenye mkono.

Tatizo la vidole ni hili. Ugwe hauwezi kuchomoka vidoleni ukienda mbele moja kwa moja. Unazunguka ncha za vidole, unasukumwa pembeni kidogo, na mshale unaondoka ukijipinda kama samaki anayeogelea. Mpiga upinde stadi huchagua mshale wenye ugumu unaolingana na upinde wake ili mpindo huo ujinyooshe njiani. Kila siku vidole hubadilika, kwa jasho, kwa uchovu, kwa baridi ya asubuhi, na mshale nao hubadilika.

Halafu akaja Holless Allen wa Missouri na upinde wa roda. Aliomba hataza mwaka 1966, akaipata mwaka 1969. Roda zilizo kwenye ncha za upinde hufanya uzito ushuke sana ukishavuta hadi mwisho: upinde wa paundi 60 unaweza kukuachia sehemu ndogo tu ya mzigo huo ukiwa unalenga. Unaweza kutulia. Lakini upinde huo ni mfupi, ugwe wake ukivutwa hufanya pembe kali inayobana vidole, na hapo ndipo kifaa cha kuachia, rilizi, kilipopata nafasi yake. Tangu miaka ya 1970 kimekuwa cha kawaida kwa wenye pinde za roda. Ndoana yake hunasa kitanzi kidogo cha uzi kilichofungwa kwenye ugwe, na ikifunguka ugwe hauguswi tena na kidole.

Mgeni mmoja mwindaji alinionyesha rilizi zake tulipokuwa tunasubiri mvua ipungue Karatu, akanipa nizishike moja baada ya nyingine. Zile za kufungwa kwenye kifundo cha mkono kwa mkanda, zenye kifyatulio cha kidole cha shahada, hazinivutii. Ni salama na hazipotei, ila kidole cha shahada kina haraka. Zile za kushikwa kiganjani ndizo zilizonikumbusha kazi ya babu.

Kijana wa mtaani kwetu anayefanya kazi na wawindaji alikuja nyumbani akaniuliza.

"Shikamoo mzee. Wageni wananiuliza rilizi ipi ni nzuri, nami sina la kujibu."

"Marahaba, baba. Waulize kwanza wanapiga nini."

Nilimweleza hivi. Anayepiga shabaha, mwenye muda wa kutulia, rilizi ya bawaba inamfaa. Haina kitufe. Inafyatuka kiganja kinapozunguka taratibu huku misuli ya mgongo ikiendelea kuvuta, na mwenyewe hajui ni sekunde gani hasa mshale utaondoka. Hiyo ndiyo dawa ya ule ugonjwa wa wapiga shabaha, pale jicho linapoona katikati ya duara na kidole kikaruka chenyewe kwa pupa. Ubaya wake ni kwamba ukiishika vibaya wakati wa kuvuta inaweza kufyatuka kabla ya wakati na mkono ukakurudia usoni, kwa hiyo mwanafunzi achague yenye kizuizi cha usalama. Iko pia ya mvuto, inayofyatuka nguvu ya kuvuta inapofikia kiwango ulichopanga. Hiyo ni ya mazoezi zaidi.

Mwindaji ana shida nyingine. Mnyama anasogea, jani linamkinga, anageuka, na nafasi nzuri ni fupi. Yeye anahitaji rilizi ya gumba: anaiamuru, lakini bado inashikwa kiganja kizima. Kitufe kisiwe chepesi mno, na kikae kwenye shina la gumba, wala si kwenye ncha, ili aweze kukikumbatia na kuvuta kwa mgongo badala ya kukibonyeza. Kitu cha mkononi huanguka, na kikianguka porini kinapiga kelele au kinapotea. Achague inayoweza kuning'inia kwenye kitanzi cha ugwe, au aifunge kamba. Vumbi la kando ya Ziwa Eyasi linaingia kila mahali, basi mashine iliyo wazi inayosafishika kwa brashi ni bora kuliko iliyozibwa. Zaidi ya yote ienee mkono wake. Vidole vitatu vikae bila kubanana na kifundo kinyooke. Kikijikunja, ile nguvu ya mgongo haifiki. Ajaribu kwanza kwa kitanzi cha kamba chenye urefu wa mvuto wake, bila upinde, mpaka mkono uzoee, na asiachie kamwe upinde usio na mshale, kwani unaweza kuvunjika.

Kijana akauliza iwapo yeye mwenyewe anaweza kuwinda kwa upinde wa roda. Nikamwambia asijaribu bila leseni. Tangu kanuni za gavana Hermann von Wissmann za mwaka 1896 uwindaji katika nchi hii umekuwa jambo la kibali, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza silaha zenye sumu. Shabaha, hata hivyo, haina leseni ya wanyama. Kenya wamekwisha kutuonyesha njia: mwaka 2016 Shehzana Anwar, mpiga upinde, ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake katika ufunguzi wa Olimpiki ya Rio. Yeye alivuta kwa vidole, kwa sababu katika upinde wa Olimpiki wa wakati huo rilizi haikuruhusiwa. Los Angeles mwaka 2028 upinde wa roda utaingia kwa mara ya kwanza, katika timu ya mwanamume na mwanamke. Majirani zetu wa Olmoti wanajengewa uwanja wa AFCON 2027. Pembeni ya uwanja mkubwa namna ile pangetosha ukuta wa udongo na safu ya shabaha kwa watoto wa shule zetu. Nawaomba maofisa michezo wa jiji walifikirie kwa uzito.

Kwa wenye wazee walio hai nina ombi la haraka zaidi. Pinde zetu zipo makumbusho na kwenye maduka ya vinyago, na mikono iliyozishika inapungua kila mwaka. Kama kwenu kuna mzee aliyetoa damu ng'ombe, aliyewinda ndege alipotoka jandoni, au aliyejua msunguti, mpe upinde leo na umwombe avute. Simama upande wa mkono wake wa nyuma, karibu, simu yako ikirekodi vidole. Mwache aachie mara kadhaa, na umwombe aeleze kwa lugha yake anachofanya. Kisha andika jina lake, rika lake, kijiji na tarehe, uhifadhi nakala zaidi ya moja.